Fimbo, Magoti na Miteremko: Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa Miguu

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Dar es Salaam, nikiwa na daftari lenye michoro na picha za simu ambazo saa zake zimenisaidia kupanga matukio kwa mfuatano. Mimi ni mfiziotherapia. Fani hii niliisomea Moshi, katika Hospitali ya KCMC, mahali ambapo mwanafunzi wa tiba ya viungo hukaa jirani na TATCOT, chuo ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa tegemezi kutoka nchi nyingi za Afrika. Vipindi vilipokwisha nilikuwa napita karakana yao kutazama magongo yakikatwa na kupigwa msasa, na huko ndiko nilikopata tabia ya kuchora fimbo za watu. Tabia yangu ya pili ni kutembea milimani kila nipatapo likizo. Mwaka 2024 niliamua kuziunganisha zote mbili.

Sababu ya kuchagua Usambara ilitoka kazini. Kliniki hupima mkongojo mgonjwa akiwa amesimama wima sakafuni, mikono ikiwa imelegea pembeni: mpini hufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili anapoushika kiwiko kikunjike kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30 hivi. Kipimo hicho ni sahihi, na sina ugomvi nacho. Hata hivyo, wagonjwa wanaotoka wilaya za milimani hurudi mara kwa mara wakiwa wameshika fimbo nyingine kabisa, ndefu, isiyo na mpini, iliyokatwa nyumbani, na ukiwauliza wanakujibu kwa upole kwamba ile ya hospitali wanaitumia wakienda kanisani au msikitini. Nilitaka kuziona njia ambazo fimbo hizo zinapita.

Alhamisi, 5 Septemba: Dar es Salaam hadi Lushoto

Basi liliondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, alfajiri, na nauli yangu ilikuwa shilingi 23,000. Hadi Chalinze hakuna la kusimulia isipokuwa foleni. Baada ya hapo tairi la nyuma lilipasuka, ikabainika kwamba tairi la akiba nalo lilikuwa limechoka, nasi tukakaa kando ya barabara kwa zaidi ya saa mbili tukimsubiri fundi aje na bodaboda. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka vitenge Korogwe alitandika khanga chini ya mwembe, akanikaribisha, akafungua hotpoti ya chapati na maharage aliyokuwa amewaandalia wajukuu zake. Nilipokataa kwa adabu aliniambia kwamba wajukuu wana baba yao, lakini mimi pale porini sina mtu. Nikala.

Kwa anayefuata njia hii: ukikaa kwenye kiti kwa zaidi ya saa nne, damu ya miguuni huzunguka polepole, na kwa baadhi ya watu huweza kuganda katika mishipa ya ndani. Shavu la mguu ndilo linalosukuma damu kurudi juu, kwa hiyo likifanyishwa kazi hatari hupungua. Kila baada ya nusu saa inua visigino, kisha inua vidole, mara ishirini hivi, na basi likisimama shuka hata kama huna haja. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni na aliyewahi kupata tatizo hilo azungumze na daktari wake kabla ya safari ndefu.

Segera tulinunua machungwa dirishani, Korogwe mama wa vitenge alishuka, na jua lilikuwa limeinama tulipofika Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Kutoka hapo ni takriban kilomita 33 za lami nyembamba inayopanda kwa kona zisizokwisha, mto ukiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili. Soni niliyaona maporomoko kwa sekunde chache tu kabla kona haijayaficha. Wasafiri wenye kichefuchefu wakae mbele na watazame mbali, si kwenye simu. Sikio la ndani na macho yakitoa taarifa zinazopingana, tumbo ndilo linaloadhibiwa.

Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na mtu aliyetoka Dar asubuhi anaujua mwinuko huo kwa meno yanavyogongana. Chumba cha kulala wageni karibu na stendi kilinigharimu shilingi 25,000, maji ya moto ya ndoo yakiwemo.

Ijumaa, 6 Septemba: Lushoto na Irente

Asubuhi niliitumia kutafuta kiongozi wa njia. Lushoto kuna vijana waliojipanga katika vikundi vya kuongoza wageni, na ni vyema kupatana nao mezani, gharama zikiandikwa: ujira wa kiongozi, kibali cha kuingia msitu wa Magamba, malazi, na nani anamlipia kiongozi chakula na nauli ya kurudi. Mimi nilipatana shilingi 60,000 kwa siku bila malazi yangu. Wageni kutoka nje ya nchi hutozwa zaidi. Kiongozi wangu alikuwa kijana mpole kutoka upande wa Mlalo, naye aliponiuliza kazi yangu nikamweleza, alisema, "Kumbe dada ni daktari wa mazoezi. Basi leo nitatembea vizuri." Siku nzima alinyoosha mgongo kila nilipomtazama.

Mchana tulikwenda Irente, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini, njia ikipita kati ya migomba na mashamba ya kabichi. Shamba la Irente huuza mkate, jibini na jamu, na chakula chao cha mchana nakipendekeza bila kusita. Ukifika ukingoni, ardhi inakatika: chini kabisa kuna Mazinde na mashamba ya mkonge, na nyuma yake nyika inayotandaa hadi macho yanapochoka. Watu husimama pale kupiga picha. Mimi niliketi kuchora fimbo za wanawake wawili waliokuwa wakipanda kutoka bondeni.

Irente ipo pia shule ya wasioona inayojulikana tangu zamani, na njiani tulipishana na kijana mwenye fimbo nyeupe aliyekuwa akitembea kwa kasi kunishinda. Fimbo ile ina kipimo chake: kwa kawaida hufika kwenye mfupa wa kifua au juu zaidi, kwa sababu kazi yake ni kupeleka habari mkononi kabla mguu haujafika, wala haikutengenezwa kubeba uzito wa mwili. Kijana yule alipofika kwenye ngazi ya udongo aligusa ukingo, akashuka bila kupunguza mwendo, akatuamkia sote wawili. Alikwisha kujua kuwa tuko wawili.

Jumamosi, 7 Septemba: Lushoto hadi Lukozi kupitia Magamba

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji. Njia inapanda mfululizo hadi msitu wa Magamba, na ndani ya msitu baridi huzidi. Kiongozi alinionyesha mkulo, mti ambao mbao zake zenye harufu ya kafuri zilitafutwa mno hata mikubwa ikawa adimu, na mara mbili tuliwasikia mbega kabla hatujaona mikia yao myeupe ikipita juu ya vichwa vyetu. Udongo ulikuwa na unyevu ingawa mvua za vuli hazijaanza. Viatu vyenye soli laini vitakuangusha hapa.

Saa nne hivi, tulipotoka msituni na kuanza kushuka, tulimkuta babu mmoja akikata matawi kando ya shamba lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Unashuka Lukozi na mikono mitupu?"

Nilikuwa na fimbo mbili za kisasa za kupandia milima, zile zinazokunjika, lakini zilikuwa bado zimefungwa kwenye begi. Kabla sijamweleza alikuwa amechagua tawi, akalikata, akaliambua gome kwa panga, akalisimamisha kando yangu. Lilifika chini kidogo ya bega. Akapunguza vidole viwili hivi, akanikabidhi, na nilipoingiza mkono mfukoni alicheka akasema pesa za wageni zinunuliwe chai Lukozi.

Fimbo ile nilikuwa nayo hadi mwisho wa safari, nami naeleza hapa kwa nini nilizifunga zile nyingine. Mtu anaposhuka mteremko, ncha ya fimbo lazima ifike mahali palipo chini kuliko nyayo zake. Fimbo inayoishia kwenye kifundo cha mkono humlazimisha kuinamisha kiwiliwili mbele ili aifikishe, na kiwiliwili kikiinama kuelekea bondeni, uzito unatangulia pale ambapo mguu haujafika. Fimbo ndefu hufika chini huku mgongo ukiwa wima. Anapopanda, mambo yanageuka: ardhi ya mbele iko juu, kwa hiyo anahitaji fimbo fupi, naye huipata kwa kuteremsha mkono tu kwenye mti usio na mpini. Fimbo za kisasa hufanya kazi hiyo kwa kufungua na kufunga skrubu. Katika njia ya Usambara, ambako unapanda na kushuka kila baada ya dakika kumi, mkono unaoteleza juu ya mti laini unashinda skrubu.

Karibu na Lukozi barabara ilikuwa imefungwa. Lori la kabichi lilikuwa limezama gurudumu moja kwenye mtaro, na nyuma yake kulikuwa na basi dogo, pikipiki nyingi na lori jingine la karoti. Wapagazi walikuwa wakishusha magunia kulipunguzia lori uzito. Nilikaa kwenye jiwe nikawatazama kwa karibu saa nzima, na sioni haya kusema kwamba ilikuwa saa nzuri. Hospitalini tunafundisha kukunja magoti, kuuweka mzigo karibu na mwili, na kutogeuza kiuno mzigo ukiwa mkononi. Mpagazi mwenye gunia la karoti hachukui mzigo kutoka chini kabisa ikiwa anaweza kuepuka. Wenzake wawili humwinulia, yeye huingia chini yake, hulipokea kwenye shingo na mabega, na hugeuka kwa kuzungusha miguu. Kinachowaumiza ni ukubwa wa gunia wenyewe, lile la lumbesa lililopachikwa kilemba juu, ambalo hakuna mbinu ya mgongo inayoweza kulifanya kuwa jepesi.

Lukozi ni kituo kikubwa cha mboga. Chumba shilingi 15,000, choo cha nje, blanketi mbili. Chakula cha usiku kilikuwa ugali, maharage ya nazi na kabichi iliyokatwa nyembamba, shilingi 2,500.

Jumapili, 8 Septemba: Lukozi hadi Rangwi

Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Fiziotherapia Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1996 kukumbuka kuanzishwa kwa shirikisho la kimataifa la fani yetu mwaka 1951. Mwaka 2024 mada yake ilikuwa maumivu ya kiuno. Wenzangu walikuwa na mabango na vipimo vya bure. Mimi nilikuwa nikitembea nyuma ya wanawake waliobeba kuni.

Mwaka 1986 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo walivyovifanya Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Baadaye, mwaka 1995, ilielezwa kwamba siri iko kwenye mwendo wenyewe: mwili wa mtembeaji hupanda na kushuka mithili ya pembea, na wabebaji wazoefu hupoteza nguvu pungufu kuliko watu wengine katika kila mzunguko. Matokeo hayo hunukuliwa mara nyingi, wakati mwingine na watu wanaotaka kuamini kwamba mwanamke wa Kiafrika hachoki. Vipimo vilifanywa kwenye mashine ya kutembelea, si kwenye njia kama ile ya kwenda Rangwi, na mizigo niliyoiona siku hiyo ilizidi sana moja ya tano ya uzito wa mbebaji.

Dada mmoja aliyekuwa ametua mzigo wake kwenye kingo alinikubalia niujaribu. Niliweza kuunyanyua, kuutwisha kichwani bila msaada sikuweza. Alinionyesha namna anavyochagua mahali pa kupumzika: daima ni kingo iliyo sawa na kifua chake, ili mzigo uteleze kutoka kichwani hadi kwenye udongo bila kuinama na urudi kwa njia ileile. Kati ya nyumbani kwake na msitu wa kijiji alinitajia vituo vyote kwa mpangilio, kila kimoja na kingo yake. Nilimuuliza kama shingo inamsumbua. "Shingo hapana," alisema, "goti, nikishuka." Nilimweleza zoezi moja ambalo halihitaji kifaa: kukaa polepole kwenye kiti au jiwe kwa kuhesabu hadi tano, kisha kusimama, mara kumi, asubuhi na jioni, ili msuli wa paja uzoee kuhimili uzito. Akalijaribu palepale kwenye kingo, akawaita wenzake, wakalifanya wote kwa vicheko, na mmoja akasema kwamba yeye tangu azaliwe anakaa na kusimama na hakuna aliyewahi kumsifu.

Rangwi kuna nyumba ya masista inayopokea wageni. Tulifika saa tisa alasiri, tukapewa chai kabla hata ya kuulizwa majina. Chakula cha jioni kilikuwa supu ya mboga, viazi, kuku na kachumbari, vyote pamoja na chumba safi shilingi 40,000. Inafaa kuwapigia simu mapema kupitia kiongozi wako, kwa kuwa vyumba si vingi, na ubebe pesa taslimu kwa sababu mtandao wa simu huja na kuondoka. Sista mmoja mwenye umri mkubwa aliposikia kazi yangu alinisimulia juu ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, ambao zamani walikua hivyohivyo wakitembea kwa upande wa mguu. Nilimweleza matibabu tuliyojifunza, yale yanayoitwa kwa jina la Ponseti: plasta hubadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi, mguu ukinyooshwa kidogo kidogo kwa mikono, mara nyingi hufuata mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye wakati wa kulala tu hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Sista alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo mwalimu wangu yeyote angelipenda: "Na huyo mama wa kijijini anashuka kila wiki kwa nauli ya nani?"

Jumatatu, 9 Septemba: Rangwi hadi Mtae

Siku hii ndiyo ndefu na ngumu kuliko zote. Jaza maji Rangwi na usitegemee duka hadi mchana.

Baada ya saa tatu za kupanda na kushuka tulifika kwenye kijiji kidogo ambako kiongozi wangu alikuwa na shangazi. Nyumba ya pili kutoka kwa shangazi aliishi mzee aliyepatwa na kiharusi miaka kadhaa iliyopita. Sitataja jina la kijiji, na mzee mwenyewe aliniruhusu niandike habari zake bila jina. Tulimkuta akishuka kutoka shambani, na kabla sijajua lolote kuhusu ugonjwa wake nilikuwa nimekwisha kuusoma katika mwendo: mguu wa kulia ukizungushwa kwa nje kutoka kwenye nyonga kwa sababu vidole haviinuki vya kutosha kuruka ardhi, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, na fimbo ndefu kuliko ya kwangu katika mkono wa kushoto.

Tulisalimiana, tukakaribishwa ndani, tukapewa magimbi ya kuchemsha na chai. Mzee alieleza kwamba alilazwa, akatibiwa, akafundishwa mazoezi na kupewa mkongojo wa chuma wenye mpira chini. Walimtendea vizuri. Alihudhuria kliniki mara mbili baada ya kutoka. Kuanzia nyumbani kwake hadi barabara ya magari ni mteremko ambao sisi tuliupanda kwa dakika 40. Yeye aliushuka kwa nusu siku, akalala kwa ndugu, akapanda gari asubuhi iliyofuata. Hakurudi mara ya tatu.

Alichokifanya badala yake alinionyesha. Shamba lake lina matuta yanayopanda mlima kwa hatua, na mwanawe alimchimbia ngazi kati ya tuta na tuta. Mwezi wa kwanza alipanda tuta moja. Alipoweza kulipanda na kulishuka bila kusimama, aliongeza la pili. Akipanda hutanguliza mguu wa kushoto, ule mzima. Akishuka huweka fimbo chini kwanza, kisha mguu mgonjwa, kisha mzima. Hivyo ndivyo tunavyofundisha kwenye ngazi za hospitali, na nilimuuliza kama alikumbuka mafundisho yale. Alisema alifundishwa, ndiyo, lakini pale hospitalini ngazi zilikuwa nne na zilikuwa na chuma cha kushika pande zote mbili. Huku alilazimika kufikiri upya mkono uende wapi.

Niliomba kuipima fimbo yake. Ilikuwa na urefu wa sentimita 138. Alikuwa ameifunga kamba ya mkonge mahali pawili, juu kwa kushukia na chini kwa kupandia, ili mkono ujue mahali pake bila kutazama. Mkongojo wa chuma ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, umefutwa vumbi. Anautumia Ijumaa, kwa kuwa njia ya kwenda msikitini ni tambarare na, kama alivyosema, ni kifaa cha heshima.

Sikumbadilishia chochote katika fimbo. Nilimweleza mkewe namna ya kuunyoosha mkono uliokunjwa, polepole, kuanzia bega hadi vidole, na kuulaza juu ya mto usiku. Nilimwonyesha mzee namna ya kuinua vidole vya mguu akiwa ameketi. Na nilimwandikia kwenye karatasi dalili za kumkimbiza hospitalini bila kungoja: uso kupinda upande, mkono kuishiwa nguvu ghafla, maneno kuchanganyika. Dawa za shinikizo la damu alikuwa akizimeza bila kukosa. Kuhusu hilo mkewe alikuwa mkali kuliko muuguzi yeyote ninayemfahamu.

Tulipoaga, mwanawe alisisitiza kutusindikiza hadi juu ya kilima, akiwa amebeba begi langu. Kutoka hapo hadi Mtae magoti yangu yalinikumbusha umri wangu. Msuli wa mbele ya paja, unaposhuka mlima, hufanya kazi huku ukirefuka, ukizuia mwili usianguke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayouchosha na kuuchubua zaidi. Hatua fupi husaidia, na vilevile kushuka kwa pembe badala ya kunyoosha moja kwa moja bondeni. Tuliingia Mtae jua likizama, tukapata chumba kwa shilingi 20,000 na wali kwa maharage ambao nilikula nikiwa nimesimama.

Jumanne, 10 Septemba: Mtae

Maumivu ya misuli baada ya mteremko huanza siku inayofuata na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Wengi huyalaumu kwa asidi ya maziwa, lakini asidi hiyo huondoka mwilini ndani ya muda mfupi. Kinachouma ni michubuko midogo ndani ya msuli na mwili unapoitengeneza. Dawa ya kwanza ni kutembea taratibu, na hivyo ndivyo nilivyofanya.

Mtae imejengwa juu ya ukingo wa mlima, barabara yake ikipita mgongoni, na pande zote mbili ardhi inaporomoka. Upande wa kaskazini ni tambarare za Mkomazi. Wanasema siku ikiwa safi Kilimanjaro huonekana. Siku hiyo kulikuwa na vumbi la kiangazi, nikaridhika na milima ya Pare. Nilikaa karibu na kanisa la zamani la Kilutheri nikichora kila fimbo iliyopita, na wenyeji walipozoea kuniona walianza kuzileta wenyewe. Zilizo nyingi zilikuwa kati ya kiwiko na bega la mwenye nazo. Bibi mmoja tu alikuwa na mkongojo mfupi wenye mpini uliochongwa, na nilipouliza aliniambia kwamba yeye siku hizi hatoki uani.

Jumatano, 11 Septemba: Mtae hadi Dar es Salaam

Basi la Lushoto huondoka Mtae saa kumi usiku. Lipia kiti jioni, mwombe kondakta namba yake, na uvae kila nguo uliyonayo. Kiongozi wangu alishuka njia panda ya kwao, akakataa katakata nilipotaka kumwongezea, kisha akakubali nilipomwambia ni zawadi ya shangazi.

Kabla hatujafika Soni, abiria wa kiti cha nyuma alikuwa amemwambia jirani yake kwamba mimi ni daktari wa mazoezi, na kuanzia hapo hadi Mombo sikulala. Dereva ndiye aliyekuwa na tatizo zito kuliko wote, maumivu yanayoshuka kutoka takoni hadi nyuma ya paja la kulia. Nilimwomba asimame tulipofika stendi na anionyeshe mfuko wa nyuma wa suruali yake. Ndani yake kulikuwa na pochi nene yenye leseni, risiti na vitambulisho vya miaka mingi, naye aliikalia saa nane kila siku. Nilimshauri aihamishie mbele, apumzike kila anapopakia abiria, na kama ganzi itaingia mguuni au mguu ukipungua nguvu aende kupimwa. Aliihamishia mfuko wa shati mbele ya abiria wote.

Mombo nilipanda basi la Dar. Kondakta aliitazama fimbo yangu, akasema haiingii kwenye buti wala juu ya viti, na akataka shilingi 2,000 za mzigo. Nililipa. Sasa ipo katika chumba cha mazoezi, imefungwa kamba mahali pawili, karibu na ngazi nne zenye vyuma pande zote, na fomu yetu ya kumpokea mgonjwa imeongezwa mstari mmoja unaouliza njia ya kutoka nyumbani kwake hadi barabarani ikoje.